Namba 4, 8 na 12: kisa cha paneli iliyovunjwa ukingoni mwa meza

Simu iliingia asubuhi ya mvua, wiki ya pili ya Aprili. Bwana shamba wa ushirika mmoja wa umwagiliaji upande wa Usa River ni mtu wa salamu ndefu, lakini siku hiyo hakuulizia hata watoto. "Fundi, vyombo vyako vimelala. Sita. Nilivibadilishia betri mwishoni mwa mwezi wa tatu, vikaamka, sasa vimelala tena. Kuna nini humo ndani?"

Sikuwa na jibu. Vyombo vyenyewe ni vipima unyevu wa udongo, tulivitengeneza 120 kwenye karakana yetu ndogo hapa Sakina, Arusha, vikafungwa shambani Januari. Ndani ya kila kiboksi mna bodi moja ya saketi ya milimita 38 kwa 62, betri mbili za AA, redio ndogo, na waya unaoshuka hadi kwenye kihisi kilichofukiwa ardhini. Chombo kinaamka kila nusu saa, kinapima, kinatuma, kinalala. Kikilala kinakula mikroampea 18. Kwa hesabu hiyo betri zilitakiwa kumaliza msimu na kubaki na nguvu.

Kufikia mwisho wa Mei vilikuwa vimerudi 17.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye saketi wala kwenye programu, sehemu mbili tulizozichokonoa kwa wiki nzima. Ulikuwa kwenye mpangilio wa bodi katika paneli. Kazi hiyo niliifanya usiku mmoja, saa mbili kabla ya kutuma mafaili kiwandani, nikiichukulia kama kufungasha mzigo: bidhaa imeshaisha, kilichobaki ni kuipanga kwenye katoni.

Kwa asiyeifahamu kazi hii: bodi ndogo haitengenezwi moja moja. Huunganishwa kadhaa kwenye kipande kimoja kikubwa, nacho ndicho tunachokiita paneli, halafu hutenganishwa mwishoni. Faida yake unaionja siku ya kupaka risasi, ile ya kuunganishia vipuri. Stensili ya chuma inawekwa juu ya bodi, rojo la risasi linapitishwa kwa kikwanguo, kila kitundu kinaacha tone mahali pake. Kuilenga stensili hiyo sawasawa ndiko kunakokula muda. Bodi 120 zikiwa moja moja, unalenga mara 120. Zikiwa 12 kwa paneli, unalenga mara 10. Mashine ya kupandikiza vipuri nayo ni hivyo hivyo, inataka ishikishwe kitu kikubwa, ione vitone vyake vya shabaha, kisha ifanye kazi bila kusumbuliwa.

Basi nikapanga safu 3 za bodi 4. Milimita 38 mara nne ni 152. Milimita 62 mara tatu ni 186, ukiongeza reli ya milimita 7 juu na nyingine chini, ambazo mashine huzishika, unapata 200. Paneli ya 152 kwa 200, nzuri kwa macho, bodi zimegusana bila pengo. Kati ya bodi na bodi nikaagiza mfereji wa V. Huo hukwanguliwa juu na chini kwa kisu cha mviringo, na kwenye bodi yenye unene wa milimita 1.6 hubaki kiini cha kama nusu milimita. Hakuna kinachopotea katikati, na paneli inatoka imenyooka. Kasoro yake ni kwamba mfereji unakwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, kona hauijui. Halafu kifaa chochote kinachochomoza nje ya bodi kinaingia kwa jirani. Soketi yetu ya kihisi ilichomoza milimita 1.2, kwa hiyo soketi zote 120 tulizichomea kwa mkono baada ya kutenganisha. Hiyo peke yake ingetosha kunishtua, lakini nilikuwa najipongeza kwa kubana nafasi.

Jambo moja nililifanya sawa, na nalisema kwa sababu ndilo lililotuokoa: kwenye kila nafasi niliandika namba kwa wino mweupe, 1 hadi 12. Safu ya juu 1, 2, 3, 4, ya kati 5 hadi 8, ya chini 9 hadi 12.

Tuliposhika bodi ya kwanza iliyorudi, mita ilisoma miliampea 9 chombo kikiwa kimelala. Hiyo ni mara 500 ya inayotakiwa. Betri ya miliampea-saa 2,500 inaishia hapo kwa saa 278, siku 11 na nusu, na hizo ndizo siku ambazo bwana shamba alikuwa akizilalamikia. Tulianza na programu kwa kuwa ndiyo rahisi kulaumiwa. Tukaizima redio kabisa, 9. Tukaing'oa redio, 9. Tukaing'oa hata prosesa, bodi ikabaki kama uwanja mtupu, na mita haikutikisika. Vilivyobaki kwenye njia ya betri vilikuwa vichache sana. Kijana wetu akaelekeza blowa ya hewa ya moto kwenye C7, kapasita (kipuri cha kutunza akiba ndogo ya umeme) kubwa ya seramiki iliyokaa karibu kabisa na vituo vya betri, akaichomoa. Mita ikaanguka hadi sifuri.

Kwa macho kapasita ile ilikuwa nzima. Lenzi nayo haikuonyesha kitu. Tukaigandisha kwenye gundi ya epoksi ndani ya kifuniko cha soda, tukangoja usiku kucha, asubuhi tukaanza kuisugua ubavuni kwa msasa namba 1000 wenye maji, polepole, tukiifuta na kuitazama kila baada ya dakika chache. Matabaka yakaanza kuonekana, mistari myembamba ya metali kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Na hapo chini, pale kofia ya chuma ya mwisho wa kapasita inapokoma, kulikuwa na mstari mmoja mweusi ambao haukufuata kurasa. Ulianzia chini ukapanda kimshazari kuelekea ndani ya kofia, karibu nyuzi 45.

Mwenye uzoefu wa vitu hivi akiuona ule mshazari hahitaji kuelezwa zaidi. Kapasita ya seramiki inavumilia kubanwa, haivumilii kupindwa. Bodi ikipinda, risasi iliyoishika miisho yake inaivuta huku na huku, na ufa unaanzia chini kwenye ukingo wa kofia, mahali ambapo jicho halifiki. Ufa wenyewe hauui siku hiyo hiyo. Chombo kinatoka karakanani kikiwa salama kabisa. Kisha inakuja masika, unyevu unaingia ndani ya kiboksi, unapenya kwenye ufa, volti ya betri inafanya kazi yake taratibu, na umeme unaanza kuvuja kati ya tabaka na tabaka. Ndiyo maana Januari na Februari kulikuwa kimya.

Swali likawa: ilipindwa wapi? Shambani hakuna wa kuipinda, imefungwa kwa skrubu ndani ya boksi. Nikazipanga bodi 17 mezani kama karata. Mbili zilikuwa na kesi zao: moja maji yaliingia kupitia tundu la waya, nyingine waya wake ulitafunwa na mbuzi. Zilizobaki 15 zote zilikuwa na C7 mbovu. Nikaanza kuzisoma zile namba nyeupe. 2, 7, 1, 10, 3, 6, 11, 5... Nilipomaliza nikazisoma tena, maana nilidhani nimeruka. Hapakuwa na 4. Hapakuwa na 8. Hapakuwa na 12. (Ile ya mbuzi ilikuwa 8, lakini mbuzi hachagui namba.)

Robo ya bodi zote zilitoka kwenye nafasi hizo tatu. Kwamba 15 zife kwa bahati tu na isipatikane hata moja kutoka robo hiyo, uwezekano wake ni kama asilimia 1. Nikaichukua paneli tupu iliyosalia, nikaielekeza dirishani. C7 iko ukingo wa kulia wa bodi, kitovu chake milimita 1.8 tu kutoka mstari wa kukatia, na imelala kuuvuka, miisho yake ikielekea mfereji. Bodi za nafasi 1, 2, 3 na wenzao wa chini, upande wao wa kulia kuna jirani, kwa hiyo upande huo ulivunjwa. Namba 4, 8 na 12 ziko mwisho wa safu. Upande wao wa kulia hauna jirani. Kiwanda kiliukata kwa biti, kisu chembamba kinachozunguka. Hakuna aliyewahi kuupinda.

Na tulivunjaje? Tuliweka mfereji ukingoni mwa meza, kiganja juu, tukabonyeza, kama mtu anavunja muwa gotini. Kijana ndiye aliyevunja, ila mimi ndiye niliyemwonyesha, na nilimwonyesha kwa majivuno kwa sababu ilitoa mlio mzuri.

Nisingeibadilisha C7 kwa kigezo cha umeme. Pale ndipo panapoifaa, karibu na betri, njia ya shaba fupi, ili redio ikivuta mkondo wa ghafla ipate akiba. Nilipanga bodi kana kwamba inazaliwa peke yake na kuishi peke yake. Ukingo wake, kwangu, ulikuwa mwisho wa mchoro. Kumbe ukingo wa bodi ni mahali palipovunjwa, na kila kilicho karibu nao kilikuwepo siku ya kuvunjwa.

Kuna kosa la pili ambalo lilinikera zaidi. Vipimo vyote tulivifanya bodi zikiwa bado kwenye paneli. Ni haraka, unachomeka sindano za kupimia, unasogeza, unapita 12 kwa mpigo. Baadaye ndipo tukavunja, tukafunga maboksi. Kwa maana nyingine, tulipima kila kitu kabla ya hatua iliyoharibu. Sisemi kupima baadaye kungezinasa zote, kwani ufa mkavu unaweza kusoma mikroampea 18 bila aibu. Lakini tulipozipima bodi ambazo hazikuwa zimelalamikiwa, tulikuta tatu zikivuta zaidi ya mikroampea 100. Hizo tungezikamata mapema.

Kurudisha vyombo vya shambani kulizua ubishi. Bosi alitaka vyote 120 virudi, kwa heshima ya mteja. Mimi nilitaka 90 tu. Paneli 10, nafasi tatu salama kwa kila moja, ni vyombo 30 ambavyo C7 yake haijaguswa. Kuvifungua ni kuvitafutia maradhi. Hata kubadilisha kapasita kuna hatari yake: ukiipiga seramiki baridi kwa joto la ghafla unaweza kuipasua upya, hivyo bodi nzima inapashwa moto kwanza polepole. Tulikubaliana 90. Kila kilichotengenezwa kikabandikwa stika ya kijani. Mwezi mmoja wa kazi bila malipo.

Paneli ya pili

Mwezi wa Julai ushirika, kwa uvumilivu ambao sikuustahili, uliagiza vingine 300. Safari hii nilianza na paneli kabla ya bodi.

C7 ikaingizwa milimita 7 ndani na kugeuzwa ilale sambamba na ukingo mrefu wa bodi, maana bodi inapopinda kando ya mstari, kinachouvuka mstari ndicho kinachovutwa. Kinacholala sambamba nao huumia kidogo. Badala ya kapasita moja kubwa nikaweka mbili ndogo, kwa kuwa kadiri seramiki inavyokuwa ndefu ndivyo inavyopasuka kirahisi. Zipo pia zenye miisho laini inayonyumbulika, ghali kidogo. Tuliziweka hapo tu, si kwingine.

Mfereji wa V niliachana nao. Nafasi kati ya bodi na bodi ikakatwa kwa biti ya milimita 2, zikabaki zimeshikana kwa vidaraja vyenye upana wa milimita 5. Kila kidaraja kina vitundu 5 vya nusu milimita, umbali wa 0.8 kutoka kitovu hadi kitovu, kama karatasi ya stempu. Sisi tunaviita ming'ato ya panya. Unakata kwa koleo dogo badala ya kupinda, na unachagua kidaraja kikae wapi, mbali na seramiki na mbali na soketi. Soketi sasa inachomoza ndani ya pengo la milimita 2 na inapita kwenye oveni pamoja na wenzake.

Hapa nilitegemea kupoteza. Mapengo yanakula nafasi, reli nimezipanua ziwe milimita 10, bodi kwa paneli zimeshuka kutoka 12 hadi 9. Nikajiandaa kumweleza bosi kwa nini gharama imepanda. Kabla ya hapo nikaandikia kiwanda, nikauliza swali ambalo mara ya kwanza sikuliuliza: shiti lenu lina ukubwa gani?

Shiti linalotumika sana kwenye viwanda vya bodi ni inchi 18 kwa 24, yaani milimita 457 kwa 610. Kiwanda hakikupi lote, kinahitaji pembezoni mwa kushikia na kulengea. Chetu kilichukua milimita 15 kila upande, likabaki eneo la 427 kwa 580, na kati ya paneli na paneli kilitaka milimita 3. Sasa ichukue ile paneli yangu ya zamani ya 152 kwa 200. Kwenye 427 zinaingia mbili kwa upande wa 200. Kwenye 580 zinaingia tatu kwa upande wa 152, na ya nne inakosa nafasi: inabaki kamba ya zaidi ya milimita 110 inayokwenda jalalani. Paneli 6, bodi 72.

Paneli mpya ina bodi tatu kwa tatu. Mara tatu 38, mapengo mawili ya 2, reli mbili za 10: milimita 138. Mara tatu 62 na mapengo mawili: 190. Kwenye 427, paneli tatu na nafasi zake ni 420. Kwenye 580, tatu ni 576. Zimeingia kama zilipimwa na fundi cherehani. Paneli 9 zenye bodi 9, jumla 81. Ile niliyoibana bila pengo ilitoa 72.

Nilirudia hesabu hiyo mara mbili kwenye karatasi ya chapati kabla ya kuiamini. Kwa oda yetu maana yake ilikuwa hivi: bodi 324 zinatoka kwenye mashiti 4 kamili, ilhali kwa mpangilio wa zamani zingetaka manne na nusu, na nusu shiti haliuzwi. Ikumbukwe hii ni kwa kiwanda kinachokupa shiti lako. Ukiagiza bodi tano za majaribio unachanganywa na wateja wengine, na hesabu hii haikuhusu.

Mchoro wa paneli niliutoa kwa KiKit, programu ndogo inayokaa pembeni ya KiCad, programu ya kuchorea bodi, na kupanga bodi kwa amri uliyoiandika. Uzuri wake ni kwamba ukibadilisha bodi, paneli inajipanga upya. Ule usiku wa kwanza nilikuwa nikinakili bodi kwa mkono, moja baada ya nyingine, na ukishafanya hivyo mara 12 hutaki tena kusikia kwamba kapasita isogezwe.

Haikwenda mteremko. Paneli 5 za mfano zilikuja na kidaraja kimoja tu kwa kila upande mrefu, kwa sababu nilikuwa nimeshaogopa kuvunja na nilitaka pa kukata pawe pachache. Kikwanguo kilipofika bodi ya katikati, ikadidimia. Si sana, kiasi cha unene wa karatasi, lakini rojo likapita chini ya stensili na miguu ya prosesa ikaunganishwa kama uji uliomwagika. Kwenye oveni ikawa mbaya zaidi: risasi tunayoitumia huyeyuka kwenye nyuzi 217, tunaipandisha hadi karibu 245, na kwa joto hilo ubao wa kawaida wa bodi, unaoitwa FR-4, umeshalegea. Bodi ya kati ikatoka na tumbo. Tukaongeza vikawa viwili kila upande mrefu na kimoja kati ya safu na safu, na chini ya paneli tukaweka kipande cha alumini kilichochongwa na fundi wa mtaa wa Unga Limited, cha kuishikilia wakati wa kupaka. Tatizo likaisha.

Bei ya njia hii ipo kwenye mikono. Kila kidaraja kinaacha kinundu, kinundu kinataka msasa, na vumbi la FR-4 lina nyuzi za kioo. Barakoa si mapambo. Kijana anahesabu dakika mbili kwa bodi. Kuna kazi nyingine, taa za bodaboda, ambayo bado tunaikata kwa mfereji wa V na sina mpango wa kuibadili: bodi ni mistatili mitupu, haina seramiki kubwa, ukingo hauna kitu hadi milimita 5. Anachotaka kijana ni mashine ya magurudumu mawili inayopita kwenye mfereji bila kupinda bodi. Bosi bado anaangalia bei.

Mashiti manne yalifika Oktoba kupitia Dar es Salaam. Kwenye paneli 36, mbili zilikuwa na bodi moja iliyopigwa alama ya X, maana yake kiwanda kimeikuta mbovu na hakikutupa paneli nzima. Hilo ni la kawaida, ila tulikuwa hatujaiambia mashine iziruke, na ikazipandikiza vipuri vyote kwa bidii. Bodi 322 zikapimwa baada ya kukatwa, moja moja, na kila moja ikaandikwa mkondo wake kwenye daftari.

Masika iliyofuata bwana shamba alipiga tena. Safari hii alisalimia, akauliza watoto, akauliza mvua ya Sakina. Kisha akasema kuna nguzo moja karibu na mfereji mkuu, kiboksi chake ni cha zamani, hakina stika ya kijani, je, tulikisahau?

Nikamwomba akifungue, asome ile namba nyeupe.

"Kumi na mbili."

"Kifunge, mzee. Kiache hapo hapo."